Pampu mbili kabatini

Siku hizi siwashi gari moja kwa moja. Nabonyeza kitufe mara mbili bila kukanyaga breki, taa za dashibodi zinawaka zote, halafu nanyamaza. Kwa nyuma, chini ya kiti, kinasikika kimlio chembamba kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Sekunde mbili hivi, kinakata. Hapo ndipo nakanyaga breki na kuwasha. Mwanangu wa darasa la nne ameshaniiga. Akiingia garini anainua kidole: "Mama, subiri, haijasema."

Inayosema ni pampu ya mafuta. Pampu hiyo naijua kuliko ninavyomjua shemeji yangu mmoja, na imenila pesa nyingi kuliko yeye.

Mimi ni mhasibu, situpi risiti. Kwa hiyo hesabu nitakazotaja humu si za kukisia, zimo kwenye faili la plastiki la kijani ambalo mume wangu analiita "kitabu cha kilio".

Gari lenyewe ni SUV ndogo ya Kijapani, zile za injini isiyokula sana, zilizoinuka kidogo ili usiogope makorongo ya njia ya kuingia nyumbani. Jina la kampuni silitaji, na wala halisaidii, maana tatizo nitakalolieleza liligusa magari ya kampuni kadhaa za Kijapani zilizokuwa zikifunga pampu za namna moja. Lilitengenezwa 2018, nikaliagiza mwishoni mwa 2022. Mwaka huo niliuchagua kwa kalamu na karatasi: gari likizidi miaka 8, TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu, na mimi sikuona sababu ya kulipia uzee wa kitu cha mwenzangu. Mkopo wa SACCOS, akiba yangu, na kiasi nilichomkopa mama. Mpaka linafungwa namba za usajili lilikuwa limekula milioni 46.

Na sikununua gizani. Niliomba karatasi ya mnada kutoka Japani nikaisoma kama mkataba. Daraja la 4, kilomita 61,000. Nilikuwa nimejifunza alama zao zote: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyopigwa rangi upya, na ukiona R kaa chonjo, gari limegonga likanyooshwa. Langu lilikuwa na A1 mlango wa nyuma na U1 kwenye bampa, basi. Nikajiona mjanja wa mjini. Sikuwaza kwamba mkaguzi wa mnada anatazama bodi, viti na injini ikiwa imesimama palepale kwenye uwanja. Hakuna anayeingia ndani ya tanki la mafuta.

Machi 2023, foleni ya Mwenge, saa kumi na moja jioni, lile joto la Dar kabla mvua hazijaanza. Gari likatetemeka kama mtu aliyeingiwa na baridi, likazima. Nyuma yangu honi, pembeni bodaboda wananipa ushauri wa kila aina. Nikajaribu kuwasha, likazunguka tu bila kushika. Baada ya dakika ishirini likawaka lenyewe, safi kabisa, kana kwamba lilikuwa linanitania.

Fundi wa kwanza akasema plagi. Akabadilisha zote nne, 180,000. Wiki mbili baadaye likazima tena Ubungo. Fundi wa pili alikuwa na mashine ya kupimia. Akachomeka, akasoma kwenye skrini, akasema mchanganyiko wa mafuta na hewa una upungufu wa mafuta, kwa hiyo ni koili. Nikanunua koili mbili, 360,000. Leo hii bado najiuliza lile "kwa hiyo" lilitoka wapi. Fundi wa tatu akaleta sensa ya krenki, 140,000, akasafisha nozeli, 120,000, akanihimiza pia nibadilishe sheli ninayoweka mafuta. Ukijumlisha na ufundi wao wa 135,000, nilikuwa nimetoa 935,000, na gari linazima vilevile: jioni, kwenye joto, hasa mafuta yakiwa chini ya robo.

Sisemi walikuwa wezi. Mashine inaonyesha kile ambacho gari lina sensa ya kukipima, na pampu iliyomo ndani ya tanki haikuwa na sensa ya kusema "nachoka". Mashine ilisema injini haipati mafuta ya kutosha, ikaishia hapo. Kilichobaki kilihitaji sikio.

Sikio nililipata Mwananyamala, kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwembe, hana mashine, ana geji ya presha iliyopasuka kioo. Hakufungua hata boneti. Aling'oa kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha bati chini yake, harufu ya petroli ikatukumba. Akafunga geji yake, akaniambia niwashe na niliache liungurume. Tukakaa kwenye benchi. Mshale ulisimama vizuri robo saa nzima, halafu taratibu, kama saa iliyoishiwa betri, ukaanza kuteremka. Injini ikaanza kutetemeka.

"Mwanangu," akasema, "injini yako haiumwi. Ina njaa."

Akaniambia ninunue pampu mpya, ya kwenye boksi. Duka la kwanza waliniambia 850,000. Nikaona ni wazimu. Nikaenda Shaurimoyo kwenye spea za mtumba, nikapata kijana mwenye magari yaliyokatwa nusu, na kati yake lilikuwepo pacha wa gari langu. Toleo lilelile, mwaka 2018. Akanichomolea pampu yake kwa 150,000. "Ni ileile dada, haina tofauti hata ya skrubu," akaniambia, na katika maisha yangu sijawahi kuambiwa neno la kweli zaidi na muuza spea.

Mzee aliigeuza mkononi, akasema pampu ya mtumba ni kama mswaki wa kuazima, lakini pesa ni zangu. Akafunga. Ufundi 50,000. Gari likapona.

Lilipona miezi minne.

Agosti nilikuwa nampeleka mama nyumbani Iringa. Tulisimama Ruaha Mbuyuni, jua la mchana limetuwakia utosini, mama akanunua vitunguu debe zima kama desturi yake, tukaanza kuupanda Kitonga. Anayeijua njia ile anajua mpangilio wake: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde, kona zimejikunja, na malori ya Tunduma yamepangana pua kwa mkia. Nilikuwa nyuma ya lori la makontena linalotambaa. Kona ya tatu au ya nne nikahisi gari linalegea. Nikakanyaga mafuta mpaka chini, hakuna jibu. Taa zote zikawaka kwenye dashibodi, na kimya kikaingia.

Breki ya kwanza ilikamata. Gari likaanza kurudi nyuma kidogo, nikakanyaga tena, na safari hii pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, kwa sababu injini ikizima ule msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara moja au mbili. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, nikavuta hendibreki. Nyuma yangu, kwenye kioo, niliona grili ya lori imejaa kioo kizima. Sikuona anga, sikuona barabara, niliona grili.

Utingo wa lori lile aliruka kabla halijasimama vizuri, kabari begani. Akaisukuma nyuma ya tairi langu, akakimbia kukata matawi na kuyatandaza barabarani huko chini kwenye kona. Kisha akaja kufungua mlango wa mama. "Mama, shuka, shikamoo, usikae huku bondeni, njoo upande wa mlima." Shikamoo katikati ya balaa! Mama akamwitikia marahaba kwa utulivu wote, akaenda kukaa kwenye jiwe, mkoba mapajani, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mimi mikono ilikuwa inatetemeka mpaka nashindwa kushika simu.

Tulikaa dakika arobaini. Pampu ilipopoa, gari likawaka. Dereva wa lori, mtu mzima mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, akaniambia: "Dada, tangulia. Mimi nitakuwa nyuma yako." Nikapanda Kitonga iliyobaki na lori zito linanilinda mgongo, mpaka Ilula. Pale alipiga honi mara mbili akanipita. Jina lake sikuuliza, na hilo hunisumbua mpaka leo.

Usiku ule Iringa sikulala. Nilitoa kadi ya gari, nikaanza kutafuta kwa namba ya chasisi. Kwanza nilikwama kwenye kurasa za Kimarekani zinazotaka namba ya herufi na tarakimu 17. Langu lina herufi na namba chache, kistari, halafu tarakimu saba. Nilidhani kadi imekosewa. Kumbe magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana zile 17. Ukurasa wa kuyatafutia ni wa kampuni yenyewe, upande wake wa Japani, na umeandikwa Kijapani kitupu. Nikaufungua kwenye kompyuta ndogo ya mpwa wangu, nikaelekeza kamera ya simu kwenye skrini itafsiri. Maneno yakawa yanarukaruka, yanageuka Kiingereza kibovu, lakini yakasomeka.

Mistari miwili ilitokea. Wa kwanza ulihusu programu ya gia boksi: imeshatekelezwa. Wa pili ulikuwa na alama tatu za kanji ambazo simu ilizitafsiri "bado haijatekelezwa". Pampu ya mafuta. Kile kifeni cha plastiki ndani ya pampu, kinachosukuma mafuta, kilitengenezwa kwa plastiki isiyo na msongamano wa kutosha. Kinafyonza mafuta, kinavimba, kinaanza kusugua ukuta wa pampu, mwisho kinagoma. Kisha ikaja sentensi niliyomsomea mama kwa sauti mara tatu: katika hali mbaya kabisa, injini inaweza kuzima gari likiwa kwenye mwendo.

Tangazo lilitolewa 2020. Mimi nilinunua gari 2022.

Mama aliuliza swali moja tu: "Sasa kama walijua, kwa nini hawakukwambia?"

Jibu nimelipata vipande vipande. Wajapani wana neno la jambo hili, rikoru, wamelichukua kwa Waingereza. Mimi naliita wito, kwa sababu ndivyo ilivyo: kampuni inayaita magari yake yarudi yatengenezwe bure. Barua inatumwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa. Mwenye gari ikimfika anapeleka, au anaisahau kwenye droo. Kule ukaguzi wao, shaken, unakuja kila miaka miwili na una gharama, kwa hiyo watu wengi huuza gari kabla haujafika. Gari linaingia mnadani, usajili wake unafutwa ili lisafirishwe, linapanda meli. Kuanzia hapo barua inabisha hodi kwenye nyumba ambayo gari halipo. Mtu wa Mbagala au wa Nyeri hana anwani kwenye daftari lile.

Niliporudi Dar nilikwenda kwa wakala anayeuza magari mapya ya kampuni hiyo. Yule bwana alinipokea vizuri, akanieleza kwa upole kwamba matengenezo ya bure ni kwa magari waliyoyauza wao, na langu liliingia kwa mlango mwingine. Angeweza kuniagizia pampu iliyorekebishwa, yenye namba mpya ya spea, kwa 790,000. Nililipa. Ilikuja baada ya siku 25, na siku zote hizo gari lilikuwa limefunikwa turubai, mimi nagombania daladala.

Kabla haijafika nilipita Shaurimoyo. Sikwenda kugombana, yule kijana hakunidanganya. Nilimwomba tu anionyeshe ile nusu ya mbele ya gari alilonichomolea pampu. Lilikuwa bado limeegeshwa ukutani, kibati cha chasisi kipo. Nikakipiga picha, nikaingiza namba palepale nimesimama kwenye oili chafu. Pampu ya mafuta: bado haijatekelezwa. Nilikuwa nimelipa laki mbili, na ufundi humo, kuutoa ugonjwa na kuurudisha uleule.

Jumla ya kitabu cha kilio kwa pampu peke yake, pamoja na 60,000 ya mzee kufunga ile mpya: 1,985,000. Japani kazi hiyohiyo ilikuwa bure.

Sitaki nilisingizie gari mabaya yote. Stabilaiza linki zimekwisha mara mbili, hiyo ni barabara yetu. Maunti ya injini moja imepasuka. Na kuna kijana mmoja nusura aitie gia boksi oili ya kawaida ya otomatiki, wakati gia boksi ya mkanda kama hii inataka oili yake peke yake, ukikosea mkanda unateleza na unaagiza gia boksi nzima. Nilimkamata chupa ikiwa imeshafunguliwa. Hayo ni mambo ya kuangalia mwenyewe kwa macho. Jambo la pampu macho yasingelisaidia.

Baada ya hapo nikawa mtu wa chasisi. Nilizikagua za ndugu wote, wengine bila kuwauliza. Hofu yangu kubwa ilikuwa eabegi, ule mfuko wa hewa unaomkinga mtu gari likigonga, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusoma habari za Takata, kampuni ya Kijapani iliyokuwa ikitengeneza eabegi za kampuni nyingi za magari duniani. Kemikali yao ya kulipulia mfuko, amonium naitreti, ilikuwa inaharibika kwa miaka ya joto na unyevu. Gari likigonga, badala ya mfuko kujaa hewa tu, kile kikopo cha chuma kinapasuka na vipande vyake vinamrukia mtu usoni na shingoni. Marekani peke yake eabegi kama milioni 67 ziliitwa, na zaidi ya watu 25 wamekufa huko. Kampuni ilifilisika Juni 2017. Australia mwaka 2018 ikaufanya wito huo kuwa wa lazima kwa amri ya serikali, na Japani kuanzia Mei mwaka huohuo ikayanyima shaken magari yenye eabegi za hatari ambazo hazijabadilishwa. Nikasoma tena maneno yale, joto na unyevu, nikamfikiria kaka yangu anayeishi Tanga, mtaa wa pili kutoka baharini, na gari lake la zamani kuliko langu.

Lake lilikuwa na mstari wa eabegi ya abiria wa mbele, bado haijatekelezwa. Ukurasa haukutaja nani aliitengeneza, ulisema tu kwamba kikopo cha kuijaza kinaweza kupasuka. Nikampigia. "Dada, wewe na Kitonga yako mmekuwa na woga," akacheka. Fundi wake akajitolea kuichomoa na kuweka rizista ili taa ya dashibodi isiwake, yaani alidanganye gari. Nilimkataza kwa ukali ambao sikuwa nimeutumia tangu akiwa darasa la saba. Kile kitu kina baruti, si cha kuchokonolewa na bisibisi mtaani. Mpaka atakapopata anayeweza kuibadilisha kwa haki, wifi yangu anakaa kiti cha nyuma. Mtaani kwao wanasema siku hizi anaendeshwa kama waziri. Amezoea, na nadhani hatarudi mbele hata ikibadilishwa.

Kazini wenzangu wakitaka kuagiza gari wananiletea picha. Sitazami rimu. Naomba namba ya chasisi. Wauzaji wengine wanaificha kwa wino mpaka ulipe, na mmoja aliniambia nina mambo mengi. Mwingine alikuwa muungwana: tulikuta wito mmoja haujatekelezwa, tukamwandikia, akalipeleka gari kwa wakala wa huko, likatengenezwa bure, likachelewa siku tisa tu kuingia bandarini. Siku tisa!

Siku mzee alipofunga pampu mpya, kijana wake alizikusanya zile mbili za zamani, akaanza kuzifunga kwenye gazeti. "Hizi naondoka nazo, mama?" Nikamwambia aziache. Zimo kabatini kwangu, ndani ya ndoo yenye mfuniko, bado zinanuka petroli kidogo, na mume wangu ameacha kuuliza.

Wiki iliyopita simu ikaita, yule kijana wa Shaurimoyo. "Dada, habari za siku? Zile pampu zako za zamani kama huzitumii niletee, nina mteja hapa gari limemzimia barabarani, analia kabisa."

Nikamwambia anitumie namba ya chasisi ya huyo mteja.

"Ya nini tena, dada? Anataka pampu."

"Nitumie."